Dawa Ikikatika Njiani: Mwongozo kwa Anayeishi na Parkinson Butembo na Beni

Vidonge vimebaki 12. Umevihesabu jana usiku, ukavihesabu tena leo asubuhi kabla mkono haujatulia, na hesabu ni ileile. Farmasi uliyozoea inasema mzigo umekwama. Jirani anasema njia ya Kasindi haieleweki. Kesho ni ville morte, hakuna atakayefungua duka. Hapo ndipo linapokuja wazo lenye sura ya busara: niache kidogo, siku tano au wiki, vidonge vikae na mwili nao upumzike.

Nakuomba usilifuate wazo hilo kabla hujasoma haya. Nayaandika kwa ajili yako unayetetemeka na kukakamaa, na kwa ajili ya binti au mkwe anayekushika mkono kwenda msalani usiku, maana siku dawa ikikatika yeye ndiye atakayeulizwa maswali ukiwa huwezi kujibu.

Parkinson huua polepole seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoamuru mwili uanze kutembea, ugeuke, umeze, ukunje uso kwa kicheko. Dawa kuu ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Imekuwa nguzo ya tiba tangu mwaka 1967, daktari George Cotzias wa New York alipoonyesha kwamba dozi kubwa iliyopandishwa taratibu humwinua mtu aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani. Haiponyi, wala haiuzuii ugonjwa kusonga mbele. Inajaza pengo, na siku isipokuwepo pengo linabaki wazi.

Tena wazo la kupumzisha mwili si geni. Miaka ya 1970 na 1980 madaktari wa Ulaya na Marekani walilijaribu wakaliita likizo ya dawa. Walimlaza mgonjwa hospitalini, wakamnyima levodopa siku kadhaa, wengine hadi wiki mbili, wakitumaini kwamba ubongo utairudia hamu yake ya dawa na dozi ndogo itatosha. Wachache walipata nafuu ya muda. Wengine walipaliwa na chakula wakapata nimonia, wengine damu iliganda miguuni kwa kulala bila kusogea, wengine walizama katika huzuni nzito, na wengine walipandwa na homa kali ya kukakamaa ambayo nitaieleza mbele. Jambo hilo liliachwa. Na hao walikuwa kwenye vitanda vya hospitali, wauguzi wakipita mchana na usiku. Anayelifanya peke yake nyumbani Vulamba kule Butembo au Mulekera kule Beni, na usiku barabara imefungwa, analifanya bila hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Kuna wanaoiacha kwa sababu nyingine: wanaogopa kuimaliza nguvu yake mapema, kana kwamba kila mtu amepewa gunia moja la levodopa la kumtosha maisha yote. Jibu zuri kuhusu hofu hii limetoka Afrika. Mwaka 2014 watafiti walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa Ghana na wa Italia. Wale wa Ghana walikuwa wamechelewa kuanza levodopa, wengi kwa sababu hawakuipata. Ingekuwa kweli kwamba dawa inachoka kwa kutumiwa, wao wangekaa muda mrefu zaidi bila kuona dozi ikikatika kabla ya saa au mwili ukijinyonga-nyonga. Haikuwa hivyo. Matatizo hayo yalifuata umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, bila kujali mtu ameimeza miaka mingapi. Kuiweka akiba kabatini hakukununulii miaka ya mbele. Kunakunyang'anya mwaka huu.

Siku tatu za udanganyifu

Levodopa iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa moja na nusu hivi. Lakini ina kazi ya pili, ya chini kwa chini, inayojengeka kwa wiki na kufifia kwa siku nyingi, wakati mwingine hadi wiki mbili. Ndiyo maana mtu, hasa ambaye ugonjwa wake bado mchanga, anaweza kuacha Jumatatu na Jumatano akawa bado anatembea hadi sokoni. Anawaambia watu: mnaona, haikuwa na kazi. Jumamosi hawezi kufunga kifungo cha shati. Wiki inayofuata uji unamkaa mdomoni.

Kwa hiyo usiipime dawa kwa siku tatu za kwanza. Na kabla hujasema imeshindwa, angalia unaimeza lini. Protini hushindana nayo tumboni na kwenye mlango wa ubongo, na meza yetu ya maharagi na ndagala ina protini ya kutosha. Meza kidonge nusu saa kabla ya chakula, au subiri saa moja baada ya kula. Nimewasikia watu wakitaka kuacha dawa iliyokuwa nzima kabisa, isipokuwa waliimeza katikati ya sahani ya maharagi.

Kuhesabu mapema

Mji wako unapata dawa kwa njia gani? Kwa miaka mingi dawa nyingi za vituo vya afya vya Kivu ya Kaskazini zilipitia Goma, ambako ASRAMES, ghala la ununuzi wa dawa muhimu la mkoa, lina makao yake. Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wake wa ndege ukafungwa na barabara ya Lubero ikakatwa na mstari wa vita, Butembo na Beni zimeugeukia zaidi mpaka wa Kasindi na Mpondwe, na wafanyabiashara wanaoleta mizigo kutoka Uganda. Huko nako njia hupitia maeneo ambayo waasi wa ADF wamekuwa wakishambulia. Dawa ya Parkinson si paracetamol. Wateja wake ni wachache, kwa hiyo farmasi huagiza boksi mbili tatu tu, na boksi hizo zikiisha hakuna nyingine nyuma ya kaunta.

Hesabu inaanza ukiwa na vidonge vya mwezi mmoja. Vikifika vya wiki mbili, hiyo ndiyo dharura, hata kama leo unajisikia vizuri. Mwambie mwenye farmasi mapema kwamba wewe ni mteja wa kila mwezi, umwachie namba yako na picha ya boksi kwenye WhatsApp. Wakipatikana wagonjwa watatu katika mji mmoja, agizeni pamoja. Mfanyabiashara hubeba boksi 20 kwa moyo mweupe zaidi kuliko mbili.

Sasa tuseme umechelewa, una vidonge 30 na humeza vitatu kwa siku. Ukiendelea hivyo, siku ya 11 utaanguka kutoka kilele hadi chini kwa mara moja, na huko kuanguka ghafla ndiko kunakoua. Ukimpigia daktari au muuguzi wako leo, mnaweza kushuka kwa ngazi: wiki ya kwanza dozi ya mchana iwe nusu, ya asubuhi na ya jioni zibaki nzima, wiki ya pili kila dozi iwe nusu. Vidonge vilevile 30 vinafika siku 15. Huu ni mfano wa kuhesabu tu, ngazi zako atazipanga anayekujua. Lakini kanuni haibadiliki: punguza kila dozi kidogo, saa zibaki zilezile, na dozi ya asubuhi na ile inayotangulia mlo ziwe za mwisho kuguswa, kwa sababu hizo ndizo zinazokuinua kitandani na kukuwezesha kumeza bila kupaliwa. Kidonge cha kawaida chenye mstari katikati kinakatwa. Kile kinachotoa dawa polepole, chenye alama kama LP au CR, usikisage wala kukitafuna.

Ukisahau dozi moja tu, meza ukikumbuka kisha urudi kwenye saa zako. Usimeze mbili kwa pamoja kulipa deni.

Namba za boksi zinadanganya

Hapa watu wengi hupotea, hasa boksi la Kifaransa linapokosekana na kuja la kutoka Uganda. Kinachohesabiwa ni miligramu za levodopa peke yake. Modopar 125 ina levodopa 100. Modopar 250 ina 200. Sinemet ya 250 kwa 25 ina 250 kamili. Syndopa 275, inayotengenezwa India, nayo ina 250, kwa sababu wamejumlisha na 25 za carbidopa, inayoambatanishwa nayo kuzuia kichefuchefu. Kwa hiyo aliyekuwa kwenye Modopar 250 akipewa Sinemet ya 250 amepandishwa kwa robo nzima bila kuambiwa, na akirudi nyuma anashushwa kwa moja ya tano. Soma maandishi madogo, andika namba ya levodopa kwa kalamu kubwa juu ya boksi.

Artane, yaani trihexyphenidyl, hupatikana kwa urahisi zaidi kwa sababu hutumika pia kwa wagonjwa wa akili. Si mbadala wa levodopa. Humsaidia kijana mwenye kutetemeka, lakini mzee humchanganya akili, humkausha mdomo na kumfungia mkojo. Nayo haiachwi ghafla. Amantadine, dawa nyingine ya Parkinson, hali kadhalika, na pramipexole, ambayo ikikatwa mara moja huleta wasiwasi, jasho na huzuni isiyotulizwa na kitu kingine.

Kama sababu ya kutaka kuacha ni kwamba mzee ameanza kuona watu wasiokuwepo ndani ya nyumba, usiikate levodopa kwa hasira. Kwanza tafuta malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji. Kisha daktari huondoa dawa moja moja, na kwa kawaida Artane ndiyo ya kwanza kutoka na levodopa ndiyo ya mwisho kuguswa.

Homa inayoweza kudhaniwa malaria

Sehemu hii isome mara mbili, umsomee na jirani.

Mwaka 1981 madaktari wa Japani walieleza hali iliyowapata wagonjwa waliokatiwa dawa za Parkinson. Huja baada ya siku chache, wakati mwingine saa chache. Mwili unakuwa mgumu kama ubao, joto linapanda, jasho linamwagika, moyo unakwenda mbio, presha inapanda na kushuka, kisha mtu anachanganyikiwa au kuzimia. Misuli iliyokakamaa huanza kuvunjika, na mabaki yake huziba figo, mkojo ukawa na rangi ya kahawa. Bila tiba huua.

Sasa mweke mtu huyo kwenye kituo cha afya chetu. Homa hapa ni malaria kwanza, tifoidi pili. Na tangu Ebola iliyotangazwa kutoka Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, homa yenye kuchanganyikiwa ina shaka ya tatu. Siwalaumu wauguzi. Walizika wenzao wakati ule, na kushuku homa ndiyo kazi yao. Lakini hakuna atakayeshuku vidonge vilivyoisha wiki iliyopita kama hakuna aliyemwambia. Mgonjwa atawekewa serumu na artesunate. Akitapika atachomwa metoclopramide, ile Primperan. Akipayuka usiku atachomwa haloperidol au Largactil ili atulie. Dawa hizi tatu za mwisho huziba mlango uleule wa dopamini. Mtu ambaye hana dopamini kwa kukosa vidonge, sasa hata ile kidogo iliyobaki imefungiwa nje.

Kwa hiyo neno la kwanza mlangoni, kabla ya jina na umri, liwe hili: ana Parkinson, na dawa yake ilikatika tarehe fulani. Kipimo cha malaria kifanywe hata hivyo, kwa sababu malaria yenyewe huweza kuichochea hali hii na vyote viwili hukaa katika mwili mmoja. Dawa irudishwe haraka kwa dozi aliyokuwa nayo, kwa mrija wa puani kama hawezi kumeza, maji ya mshipani yatiririke, na joto lishushwe. Hili ni la hospitali kubwa. Kama uko karibu na Matanda, Katwa, Kitatumba, hospitali kuu ya Beni au Oicha, usisubiri asubuhi kama njia inapitika. Kwa kutapika, muulize daktari kuhusu domperidone, ambayo kwa kawaida haivuki kuingia kwenye ubongo, ila mwenye ugonjwa wa moyo aiseme kwanza hali yake.

Ikiwa hakuna homa ila dawa imekwisha na mwili umekuwa mzito, kazi ya nyumbani ni ya mikono. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Mkalishe wima kabisa anapokula na nusu saa baada ya kula, mpe uji mzito kuliko chai, kijiko kidogo, na usimwongeleshe akiwa na chakula mdomoni. Mkunje na umnyooshe miguu mara nyingi kwa siku. Mpe maji. Siku sauti ya kifua ikiwa kama ya mtu anayekoroma maji, au akishindwa kumeza mate yake mwenyewe, hiyo nayo ni safari ya hospitali.

Kanisani na kwenye mfungo

Butembo ni mji wa sala, na simwambii mtu asisali. Ila nimechoka kusikia kwamba kidonge ni ushahidi wa imani ndogo. Mchungaji au padri anayekupenda atakuombea huku umemeza. Ukitaka kufunga, mwambie ukweli kuhusu saa zako, na umeze kidonge kwa funda la maji. Anayekutaka uache ili uponyaji uonekane, mwonyeshe sehemu ya homa.

Maneno ya uchawi na sumu huingia mlango huohuo. Uganda kuna chama cha wagonjwa kilichojiita Parkinson's Si Buko, kuwajibu wanaosema kutetemeka ni adhabu ya mtu aliyevunja mwiko kwa mkwe wake. Na huko Hai, Kilimanjaro, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa 2008 uligundua kwamba wengi wa wenye ugonjwa huu hawakuwa wamewahi kuambiwa ni ugonjwa gani. Wewe umeambiwa. Madaktari bingwa wa neva nchini mwetu ni wachache na wengi wako Kinshasa, kwa hiyo aliyefika hadi kupata jina na dawa amepita milima. Asirudishwe bondeni kwa neno la jirani.

Upasuaji, na upupu

Kukaa njaa kabla ya upasuaji si sababu ya kukaa bila levodopa. Omba uwe wa kwanza asubuhi. Mwambie mtu wa ganzi aamue ni saa ngapi utameza dozi ya mwisho kwa funda la maji, na umeze tena mara tu unapoweza baada ya kuamka. Mtajie zile dawa tatu, metoclopramide, haloperidol na Largactil. Kama unatumia selegiline au rasagiline, nazo dawa za Parkinson, mtajie pia pethidine na tramadol, kwa maana zinagombana vibaya, na tramadol hapa hutolewa kama karanga.

Kuhusu upupu, ule unaowasha, ambao aina yake isiyowasha wakulima wengine huipanda kama mucuna kurutubisha udongo: ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa ya asili. Unga wake umejaribiwa na madaktari, na kwa muda mfupi uliwainua wagonjwa. Lakini ulipotumiwa kwa wiki kadhaa, nusu yao waliuacha kwa sababu ya tumbo au kwa sababu mwili ulirudi nyuma. Nguvu ya mbegu hutofautiana kwa shamba na kwa namna ya kuikaanga, na haina carbidopa ya kuzuia kichefuchefu. Siudharau, na natamani Chuo Kikuu cha Graben kingeuchunguza hapahapa kwetu. Lakini usiumeze kwa kijiko cha kukisia, na kamwe usiuongeze juu ya vidonge bila daktari kujua.

Karatasi na kurudi

Andika leo karatasi moja kwa Kiswahili na Kifaransa: jina lako, neno Parkinson, miligramu za levodopa na saa za kumeza, dawa zilizokatazwa, namba ya daktari na ya mtu wa nyumbani. Nakala moja ikae pamoja na kadi ya uchaguzi, nyingine kwenye mfuko wa kukimbilia. Kila nyumba ya Oicha, Mbau na Mavivi inaujua mfuko huo. Weka humo vidonge vya wiki mbili ndani ya chupa kavu isiyopitisha mwanga, uvibadilishe kila mwezi visizeeke. Fungu la pili likae kwa ndugu wa mtaa mwingine. Nyumba moja ikichomwa, fungu moja linabaki.

Dawa ikirudi baada ya siku moja au mbili, kwa kawaida unaendelea na dozi yako. Ikiwa umekaa wiki au zaidi na huna homa wala kukakamaa kwa hatari, usirukie dozi ya zamani, kwa sababu itakutapisha, itakushusha presha na kukuangusha, na mwenye umri mkubwa itamwonyesha vitu. Daktari atakuanzisha chini na kupandisha kila siku chache. Asubuhi ya kidonge cha kwanza, kaa ukingoni mwa kitanda muda mzuri kabla ya kusimama, na mtu awe karibu nawe saa nzima. Andika saa uliyomeza, na saa mguu ulipolegea. Daktari atakayekuona baadaye atauliza habari za saa hizo mbili kabla ya jambo lingine.